Tanbihi ya Sabini na Mbili

Nestan, nimeisoma sura yako ya pili
katika chumba kile cha juu, hapa Kutaisi,
jiko la kuni likikohoa, theluji imelala dirishani.
Umeandika "anasema" mara arobaini na moja.
Nimehesabu kwa penseli.
Anasema Kobalia, anasema mwenzake wa Batumi,
wote wanasema, kama watu kwenye foleni ya mkate,
na hakuna anayemsikiliza aliye mbele yake.

Si kosa. "Kusema" ni mlango usio na komeo:
hupita kila mtu, hata mwongo, hata mtabiri wa mvua.
Lakini wewe ni shahidi, na shahidi hana budi
kutuambia mtu alisemaje.

Mwenye vipimo mkononi, mwache abainishe.
Aliyetupa neno pembeni akaendelea na safari yake,
huyo kadokeza; usimvike joho la "anathibitisha",
litamburuzia matope.
Anayerudia jambo lile lile kurasa tano ameshikilia,
na mara nyingi anayeshikilia ni mtu anayezama.
Kobalia, kwa mfano. Namfahamu. Alishikilia.
Na "kuhoji" litazame mara mbili: kuna anayehoji hoja,
na kuna anayehoji mtu chini ya taa.

Kisha nikafika tanbihi ya sabini na mbili.

Umenukuu ripoti ya tume kuhusu gharika ya Zedakhevi:
"Mpima mto, Mzevinar fulani, adai kwamba maji
yalipanda sentimita tisini kabla ya alfajiri."
Umeinakili ilivyo. Uaminifu wako nausifu.
Pembeni umeniuliza, kwa wino wa kijani:
Mwalimu, kwa nini "adai"? Si alikuwa na daftari?

Alikuwa na daftari. Miaka thelathini na mmoja,
kila asubuhi, alishuka kwa buti za marehemu mumewe
hadi kwenye nguzo yenye alama, akasoma, akaandika.
Hata siku ya maziko. Jalada la kahawia,
doa la mafuta ya jozi kwenye kona.
Tuliliona. Nimesema tuliliona. Sisi.

Nilikuwa karani wa tume, umri wako,
koti la kuazima, mwandiko mzuri.
Mwenyekiti hakuniamuru. Alinitazama tu,
akagonga meza kwa kidole, kana kwamba anasubiri chai.
Nikafuta "alipima". Nikaandika "adai".
Herufi nne.

Unajua neno hilo lina harufu ya deni:
anayedai, watu humwona mlangoni na mkono umenyooshwa,
wakafunga madirisha.
Bwawa halikuguswa. Mhandisi alipanda cheo.
Sokoni walimwita Mama Madai mpaka alipokufa,
nasi tuliokula kwake jibini na mkate wa moto
hatukumwachia hata kitenzi chake.

Kwa hiyo rekebisha. Usiandike "anathibitisha";
hakuwa mtu wa mapambo. Andika: alipima.
Weka tarehe, saa, ukurasa wa daftari
(liko makumbusho ya wilaya, sanduku la tisa,
kama panya hawajalimaliza).
Nami ukinitaja, maana itakubidi unitaje,
usinipe "anaeleza", neno la watu waliokwisha oga.
"Anakumbuka" pia hapana; ni laini mno.
Kuna "anakiri". Lakini sijui.
Aliyekiri huwa ameulizwa,
na mimi hadi leo hakuna aliyeniuliza,
ila wewe, kwa wino wa kijani.

Sura ya tatu niletee Alhamisi.
Na ile "kwamba" ya pili, ukurasa wa arobaini, iondoe.